Msemaji Mwenye Vidonda vya Tumbo

Sijapata kuugua vidonda vya tumbo. Naanza na hilo kwa sababu huko Kanzenze, milimani juu ya mji wetu, bado wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaoamini kwamba niliugua. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikiandikisha vizazi, ndoa na vifo vya watu wa Gisenyi, na siwezi kuvumilia habari ya uongo ikikaa juu ya jina langu bila kusahihishwa.

Mambo haya yalitokea mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati barabara za milimani zilipoanza tena kupitika bila abiria kugeuka nyuma kila mara. Nilikuwa nimestaafu karibuni. Rafiki yangu, aliyekuwa bwana shamba katika ofisi iliyopakana na yangu, naye alikuwa amestaafu na kurudi kwenye shamba lake karibu na Nyundo. Yeye ni Mkatoliki, wa ukoo uliosoma shule za misheni tangu enzi za babu yake. Mimi ni Mwislamu wa mjini, mjukuu wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeingia hapa na mizigo yake akaoa hapahapa. Watu wa milimani hutuita Waswahili, na neno hilo vinywani mwao halihusu lugha. Wanakusudia mjanja, mtu wa maneno mengi, mtu ambaye hata akikusalimu ujiulize anatafuta nini.

Najua kwamba msomaji akisikia Rwanda na miaka hiyo anatarajia habari ya mgawanyiko mwingine. Huo umeandikwa na wenye haki na machozi ya kuuandika. Mimi naandika juu ya mgawanyiko mdogo, uliopita katikati ya urafiki wangu kama ufa katika bakuli ambalo watu wanaendelea kulitumia.

Urafiki huo haukuwa wa salamu za ofisini. Katika miezi ile ambayo usiku wa milimani haukuaminika kwa sababu ya waasi, mke wa rafiki yangu na watoto wake walishuka kila jioni kulala nyumbani kwangu, katika mtaa wetu wa Waislamu. Waliamshwa na adhana kama sisi. Magodoro yalipopungua, jirani yangu, fundi cherehani, alileta la kwake, naye akalala juu ya marobota ya vitambaa. Asubuhi mkewe aliwapelekea watoto uji kabla hawajapanda tena kwao. Hakuna aliyeombwa afanye hivyo, na hakuna aliyeshukuriwa sana, maana siku zile shukrani zilikuwa zinaahirishwa.

Basi kijana mkubwa wa rafiki yangu, dereva wa malori aliyepanga chumba mjini, alipopata mchumba huko Kanzenze, baba yake alinijia akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Muvandimwe," akaniita, yaani ndugu, neno tulilozoea kuitana, "nataka wewe uwe msemaji wetu. Utusemee kwa wakwe."

Kwa asiyezijua mila zetu, nieleze. Posa ya Kinyarwanda ni mashindano ya maneno. Upande wa kijana huja na msemaji wake, upande wa binti huwa na wa kwao, na hao wawili hukabiliana mbele ya wageni wote. Msemaji wa binti hubuni kila kisingizio cha kukataa: binti ameshaolewa, binti amekwenda utawani, binti hajazaliwa. Msemaji wa kijana humjibu kwa adabu na kwa mzaha, bila kukasirika hata mara moja. Akikasirika anatozwa faini ya pombe, na posa yote inachafuka. Kuchaguliwa kuwa msemaji ni heshima kubwa. Mtu humpa ndugu yake wa damu au mzee wa ukoo. Mimi sikuwa wa damu wala wa ukoo, na sitaficha kwamba machozi yalinilengalenga.

Fundi cherehani ndiye aliyepinda na kushona mapindo ya lile vazi jeupe la kufunga begani ambalo wasemaji huvaa. Aliponijaribisha alinizunguka mara mbili, pini zikiwa mdomoni.

"Mukubwa, umetoka muzuri kabisa," akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Bon, na mi nitakaa fasi gani ndani ya gari?"

"Nitamwuliza mwenye shughuli," nikamjibu.

Nikamwuliza. Rafiki yangu alitazama viatu vyake, akasema gari limejaa. Nilipomrudishia fundi jibu hilo alicheka.

"Gari ya posa haijai, mukubwa. Hata mbuzi inapataka fasi. Sema tu hawatutaki."

Nilimkemea kwa kumdhania mtu vibaya. Kemeo hilo naomba lihesabiwe upande wa rafiki yangu, kwa maana nililitoa kwa imani kamili.

Siku ya posa tulipanda Kanzenze katika gari la kukodi, na nafasi za kukaa zilibaki wazi. Nililiona hilo. Nilikuwa nimevaa kofia yangu nyeupe, na karibu na nyumba ya wakwe rafiki yangu akaninong'oneza kwamba vazi lile la begani lingependeza zaidi kichwa kikiwa wazi. Nilidhani ni suala la mavazi. Niliiweka mfukoni.

Tulipokelewa vizuri. Ua ulifagiliwa, viti vilipangwa pande mbili zikitazamana, na vibuyu vya pombe ya mtama vilikuwa katikati, mirija ikiwa imechomekwa tayari. Rafiki yangu alinitambulisha kwa jina langu la Kinyarwanda peke yake, lile ambalo baba yangu alinipa na ambalo ofisini lilitangulia jina langu la Kiislamu bila kuliacha hata siku moja. Kisha, badala ya kibuyu, nikaletewa maziwa katika chombo cha mti. Baba wa binti, mkulima wa viazi mwenye mabega mapana, aliniinamia kwa huruma.

"Pole sana, mzee wangu. Tumeambiwa habari ya vidonda vya tumbo. Hata nyama hatutakulazimisha, umechemshiwa maharage laini."

Nilimgeukia rafiki yangu. Alikuwa akichunguza paa la nyumba kana kwamba anataka kulinunua.

Hapo ndipo nilipoelewa jina lililokatwa, kofia iliyovuliwa, na gari lisilojaa. Nilikuwa nimeletwa kwa heshima zote ili nimsemee mtu aliyeona haya kunitaja. Na siku hiyo binti wa watu alikuwa ndani akisubiri, kijana wa kumwoa alikuwa pembeni yangu akitoa jasho, na hatima yao ilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikunywa maziwa.

Msemaji wa wakwe alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mcheshi kupindukia. Tulishindana vizuri. Alisema binti amekwenda utawani. Nikamwuliza mbona tumepishana njiani na masista na hawakumtaja. Alisema binti ni mdogo. Nikasema basi aliyetupikia maharage haya ni mdogo mwenye baraka. Watu walicheka, mirija ikazunguka. Ndipo akasimama na kunyoosha fimbo yake kuelekea bondeni, upande wa mji.

"Wageni wetu, kutoa tutatoa. Lakini tumesikia kijana wenu amepanga chumba kwa Waswahili! Mtu anayelala kwa Waswahili, siku moja si ataamka amemuuza mke wake kwa bei ya kuku? Na kuku mwenyewe si wa kuiba?"

Ua mzima uliangua kicheko. Rafiki yangu alicheka. Namwandika jinsi alivyokuwa: alicheka mdomo ukiwa wazi, kisha akakumbuka aliyeketi karibu naye, akaufunga.

Sheria ya msemaji ilinikataza kukasirika. Haikunikataza kusema kweli. Nikasimama, nikaitoa kofia mfukoni na kuivaa.

"Mheshimiwa msemaji," nikasema, "Mswahili unayemsema ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Waislamu. Kijana wetu amepanga jirani na mimi. Nimekuja mchana, kwa mlango wa mbele, na mmenipa maziwa. Kuku wenu wahesabuni, kisha mtupe binti."

Ua ukalipuka. Wanaume walipiga magoti yao, wanawake wakapiga vigelegele, mwalimu mstaafu alinijia na kunikumbatia. "Ameniweza!" alipaza sauti. "Jamani, huyu ameniweza! Amekuja na kofia kabisa!"

Hawakuniamini. Waliona nimebuni. Katika posa kila asemacho msemaji ni ubunifu: binti aliye ndani ameshaolewa, ng'ombe aliye zizini yuko safarini, na mzee Mkatoliki kutoka Nyundo ni Mwislamu wa mjini. Nilirudia. "Nasema kweli, ndugu zangu." Wakacheka zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo msemaji hodari anavyosema. Nilikuwa nimetamka ukweli mahali pekee duniani ambapo hauwezi kusikika.

Binti alitolewa kwa makofi. Alipopita kunisalimu alitazama kofia yangu, akatabasamu kama mtu aliyetazama mchezo mzuri.

Tuliteremka kabla jua halijapungua, kama wote walivyofanya miaka ile. Kijana na wenzake waliimba nyuma. Mimi na baba yake tulikaa mbele na dereva.

"Vidonda vya tumbo," nikasema.

"Ningewaambia nini? Hawakujui."

"Ungewaambia wanijue."

"Sha, rafiki yangu, usikasirike. Unawajua watu wa milimani. Wangesikia Mswahili, masikio yangeziba kabla hujafungua mdomo. Nilitaka wakusikie wewe. Mimi nakufahamu. Wewe si Mswahili wa namna ile."

"Namna ipi?"

Alinyoosha mkono dirishani, kama mtu anayetaka kuonyesha kitu kilicho mbali, kisha akaurudisha. "Unajua," akasema.

Sikujua, na hata sasa sijui. Nilichokijua ni kwamba mtu huyu, ambaye watoto wake walilala katika mtaa wangu, walikula uji wa mtaa wangu, ambaye mwenyewe alinishika mkono nilipomzika mama yangu katika makaburi ya Waislamu, alikuwa amejifunza kutokana na hayo yote jambo moja tu: kwamba mimi ni mtu mzuri. Aliichukua ile hazina ya miaka, akaiweka yote juu ya kichwa changu, na mtaa wangu akauacha palepale alipoukuta. Wapo wanaohubiri kwamba watu wakipendana wawili wawili, makundi nayo yatapatana. Nawaomba waje wanionyeshe mahali ambapo upendo huo unavuka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa jirani zake. Mimi nilipatafuta njia nzima kutoka Kanzenze na sikupaona.

Nilimwambia kwamba harusini sitasimama kumsemea mpaka arudi kwa wakwe na kuwaeleza mimi ni nani. Alisema nataka kuivunja ndoa ya mwanawe. Siku chache baadaye mkewe alikuja nyumbani, akakaa na mke wangu jikoni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Alipoondoka, mke wangu alinijia akifuta mikono.

"Baba watoto, yule kijana amekosa nini? Utamnyima mke kwa ajili ya kofia?"

"Si kofia."

"Basi kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya taarifa sahihi."

Mke wangu alimwomba Mungu subira, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia.

Rafiki yangu hakwenda. Siku ya soko nikaenda Mahoko mimi mwenyewe, kofia kichwani, kwa kuwa nilijua baba wa binti huuza viazi vyake pale. Nilimkuta kati ya magunia. Alifurahi kuniona hata akaacha mteja. Kabla sijasema neno aliinama chini ya meza, akatoa chupa iliyofungwa kwa jani la mgomba.

"Nilikuwa natafuta wa kumpa akuletee. Mke wangu ameifuata dawa hii mpaka kwa shangazi yake. Vijiko viwili kabla ya kula. Vidonda vitakauka."

Nilishika chupa ile. Nakiri kwamba hakuna tusi la Waswahili lililopata kunichoma kama wema ule uliotumwa kwa mtu asiyekuwapo.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "sina vidonda. Hatuko kwenye posa sasa, tuko sokoni. Mimi ni Mwislamu. Sinywi pombe, na nyama nala ikichinjwa na Mwislamu. Niliwaambia siku ile mkacheka."

Aliitazama kofia. Akanitazama mimi. Aliketi juu ya gunia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ego ko!" akasema kwa mshangao. Kisha uso ukamkunjamana. "Kwa hiyo ulikula maharage peke yako nyumbani kwangu, wakati mwenye bucha wa hapa Mahoko ni Mwislamu na ndiye hutuchinjia? Dada yangu ameolewa kwao! Kila tunapokuwa na shughuli tunamwita, ili shemeji zangu wale. Umeniaibisha bure."

"Lakini msemaji wako alisema juu ya kuku..."

"Ah, kuku!" Alipunga mkono. "Huo ni mzaha. Hata mbele ya shemeji tunausema."

"Na shemeji hucheka?"

Alifikiri. Naamini lilikuwa swali ambalo hajawahi kuulizwa. "Hucheka," akasema polepole. "Naye atafanya nini?"

Nilipata jibu langu, ingawa si lile nililolifuata. Huyu alikuwa na Waislamu ndani ya ukoo, alijua nani amwite kuchinja, na mzaha wa kuku ulikuwa umekaa salama nyumbani kwake pamoja na shemeji. Rafiki yangu hakujua kwamba hofu aliyowabandikia wakwe ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Lakini baba wa binti hakuwa amemaliza. Alisimama.

"Mtu anayemficha rafiki yake wa namna hii, mwanawe amenificha nini? Ana ugonjwa? Ana mke mwingine huko anakopeleka malori? Mwambie harusi isubiri."

Ndipo nikajikuta nimesimama kati ya magunia ya viazi nikimtetea mtu niliyekuja kumshtaki. Hapakuwa na mzaha wala fimbo. Nilisema ninachokijua: kwamba kijana nimemwona akikua, kwamba hana mke mwingine, kwamba baba yake ni mwaminifu katika yote isipokuwa pale anapoogopa maneno ya watu. Nilisema kwa hasira, nadhani, maana wauza viazi wengine walisogea kusikiliza.

"Aje mwenyewe," mkulima akasema hatimaye. "Aje akutambulishe upya, mbele yangu na mke wangu. Binti yangu haingii katika nyumba ambamo sijui nani ni nani."

Nilimpelekea ujumbe huo Nyundo siku hiyohiyo. Rafiki yangu aliusikiliza akiwa amesimama na jembe. Hakunikaribisha kiti. Lakini wiki haikuisha kabla hatujapanda tena Kanzenze, yeye na mimi na dereva wa gari lile la kukodi. Safari ile haikuwa na wimbo.

Katika ua uleule, usio na wageni wala vibuyu, aliniwekea mkono begani. "Huyu ni rafiki yangu," akasema. "Ni Mwislamu, wa mtaa wa Waislamu mjini. Wakati wa usalama mdogo familia yangu ililala kwake. Niliwaambia ni mgonjwa. Si mgonjwa. Niliona haya." Mama wa binti alisema, "Basi, basi, yamekwisha," akatuletea viti. Harusi ilipangwa kabla hatujaondoka, na mwenye bucha wa Mahoko akaandikwa katika mipango kuwa mchinjaji wa nyama yote.

Tuliteremka, na gari lilipoingia mtaani kwetu rafiki yangu akanigeukia.

"Nimesema yote," akaniambia. "Nimejivua nguo mbele ya wakwe. Sasa umeridhika?"

Gari lilikuwa limesimama mbele ya baraza la fundi cherehani. Mashine ilikuwa inakimbia, naye alikuwa ameinamia mkono wa koti, mkewe akikata nyuzi.

"Yule pale," nikasema, "watoto wako wamelalia godoro lake. Anaitwa nani?"

"Si fundi?"

"Fundi ni kazi yake. Nauliza jina."

Rafiki yangu alilitazama baraza kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta, kwa uaminifu kabisa, katika miaka yote ile, asubuhi zote zile za uji, na akirudi mikono mitupu. Dereva alizima injini.

Hatimaye akafungua mlango, akashuka, akafunga kifungo cha koti lake la kanisani, akavuka barabara kwenda kumwuliza mwenyewe. Alipofika barazani mashine ilinyamaza. Sikuyasikia waliyosema. Nilibaki garini, nilikwisha kusema vya kutosha kwa niaba yake.